Mkanda wa Taimingi Ukikatika, Pima Kabla ya Kuhukumu

Msikilizaji, injini iliyokatika mkanda wa taimingi ina dalili zake. Gari linazima ghafla barabarani, na dereva akipiga stata injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, maana kamshafti imesimama, baadhi ya valvu zimebaki wazi na hewa haishindiliwi tena. Hapo kila mpigo wa stata unaweza kuongeza hasara, kwa hiyo gari livutwe hadi gereji. Na gereji ndiko linakotoka neno ninalolipinga leo: "Injini imekufa, tafuta nyingine." Mara nyingi neno hilo hutamkwa kabla hata bolti moja haijalegezwa, na mwenye gari anaondoka akihesabu pesa asizokuwa nazo. Nasema hiyo ni hukumu isiyo na ushahidi, na ushahidi upo, tena kuupata ni kazi ndogo.

Tuanze na jambo lenyewe. Mkanda huo unaifunga kamshafti kwenye mwendo wa krankishafti, kamshafti ikizunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila pistoni inafika juu mara 50 kwa sekunde moja. Mkanda ukikatika, valvu zinaganda pale zilipo, lakini pistoni zinaendelea kupanda kwa nguvu ya mwendo. Kama zitagongana au la, hilo liliamuliwa na aliyeichora injini. Toyota 4A-FE, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, iliachiwa nafasi, na kwa kawaida ukifunga mkanda mpya safari inaendelea. Subaru EJ20 yenye kamshafti nne haina nafasi hiyo, na kwa kuwa ina hedi mbili, gharama nazo huenda mara mbili. Kwenye dizeli hali ni ngumu zaidi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser inashindilia hewa zaidi ya mara 20, na pistoni inafika karibu kabisa na hedi, hivyo kugongana ni jambo la kutarajia. (Wenye Vitz na IST za 1NZ-FE watulie, zao zinatumia cheni.) Sasa fundi anayezihukumu injini hizi zote kwa sentensi moja, anahukumu nini?

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kamshafti ikitolewa, springi zinazifunga valvu zote. Hapo fundi anapitisha hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, au la nozeli kwa dizeli, silinda moja baada ya nyingine, kisha anasikiliza. Hewa ikitokea upande wa kuingizia hewa, valvu ya upande huo imepinda. Ikitokea kwenye ekzosi, ni ya upande ule. Ikivuma kupitia mdomo wa kujazia oili, tatizo limeshuka hadi kwenye pistoni au ringi zake, na hapo mazungumzo ya kubadili injini yanaanza kuwa na maana. Hedi ikishafunguliwa, fundi makini ataangalia alama juu ya pistoni na kulinganisha kimo cha kila moja inapofika juu. Inayobaki chini kuliko wenzake inaashiria konrodi iliyopinda. Kama madhara yameishia kwenye valvu, basi ni valvu mpya, kuzisagia, kukagua gaidi zake, kuchonga uso wa hedi kama umepinda, na gasketi mpya.

Wapo watakaosema injini ya mtumba ni ya haraka, inafungwa na gari linarudi kazini. Kwa mwenye daladala hoja hiyo ina uzito, maana kila siku ya gereji ni hesabu iliyopotea. Lakini injini hiyo nayo imekuja na mkanda ambao historia yake haijulikani, na ringi ambazo hakuna aliyezipima. Isitoshe, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari Tanzania na kwenye logbook Kenya, kwa hiyo ukibadili injini una kazi ya kurekebisha taarifa pia. Ikishathibitika kwamba pistoni na konrodi zimeumia, sawa, nunua. Wengine husema tufunge mkanda tu, tujaribu bahati. Kwa 4A-FE, haya. Kwa injini ambayo valvu hugongwa, valvu iliyopinda kidogo inaweza kuifanya injini iwake kwa kutetemeka, kisha kichwa chake kikatike siku nyingine na kuangukia ndani ya silinda. Hapo ndipo injini inakufa kweli.

Na mkanda haukatiki bure. Rola ikikwama, sili ikivujisha oili juu ya mkanda, au pampu ya maji ikishika, kama kwenye EJ20 ambako inazungushwa na mkanda huohuo, mkanda mpya nao utakatika. Kwa hiyo, msikilizaji, ukiambiwa injini imekufa, muulize fundi amepima silinda zipi na hewa imetokea wapi. Akishindwa kujibu, usitoe pesa. Mwombe apime mbele yako, au lipeleke gari kwa mwingine.