Sindano Ndani ya Kiroba cha Taka

Mzoa taka anapokitwaa kiroba mlangoni na kukibeba begani, hana namna ya kujua kilichomo. Sindano ya insulini au wembe humchoma kabla hajauona. Damu iliyokauka nayo isidharauliwe: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Aliyechomwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua wala kulinyonya, kisha afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Humezwa kwa siku 28. Homa ya ini B ina chanjo, ambayo mzoa taka hustahili kuipata kabla ya ajali. Glavu nyembamba hazizuii sindano.

Kwa hiyo kinga huanzia chumbani kwa mgonjwa. Akishajidunga, aitumbukize sindano katika chupa ngumu ya plastiki yenye kizibo. Chupa ikijaa robo tatu, aifunge, na aulize zahanati anakochukulia dawa namna ya kuikabidhi.