Fundi Viatu, Fundi Bati na Mchungaji: Makazi ya Buxton, Kanada, 1849–1873



Mwezi Agosti 1849, katika mji mdogo wa Chatham, upande ule wa Kanada ambao leo unaitwa Ontario, umati ulikusanyika kumpinga mchungaji mmoja. William King, Mwayalandi wa Kanisa la Presbiteri, alikuwa ametangaza nia ya kupata ekari zipatazo 9,000 katika eneo la Raleigh, kusini mwa mji, ili Weusi waliotoroka utumwa Marekani wapate mahali pa kulima na kujenga. Aliyeongoza upinzani alikuwa Edwin Larwill, Mwingereza, fundi bati aliyeingia siasa. Larwill aliwaambia majirani zake kwamba bei ya mashamba yao ingeporomoka na watu wa heshima wangehama. King alipanda jukwaani mbele ya watu waliomzomea, akajieleza hadi mwisho. Waliothubutu kusimama upande wake walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa mzaliwa wa Uskoti, Archibald McKellar. Tafadhali lishikeni jina hilo, tutakutana nalo tena.

Nina hoja moja jioni hii. Habari za walowezi wa mwanzo wa Kanada zimeandikwa sana kwa mkono wa wachungaji na wanasiasa, na Buxton, makazi hayo ya King, nayo imesimuliwa hivyo: mchungaji mwema, watoro wenye shukrani. Ninaheshimu alichokifanya King. Lakini nikifuata fedha, kazi na kura, naona jambo jingine. Buxton ilisimama kwa sababu walowezi wenyewe waliinunua, ekari kwa ekari, kwa jasho lao, na walipokwisha kuwa wenye mali walijilinda kwa sheria zilezile zilizowalinda majirani zao weupe.

Nianze na King, maana maisha yake hayakuwa mepesi kama picha za ukutani. Alizaliwa Ayalandi mwaka 1812, akasoma Glasgow, akavuka bahari na jamaa zake hadi Ohio, kisha akaenda Louisiana kufundisha. Huko akaoa katika familia yenye mashamba, na kwa ndoa hiyo akawa mmiliki wa watumwa. Sina sababu ya kulifunika hilo. Alikwenda Edinburgh kusomea uchungaji, na katika miaka hiyohiyo alifiwa na mke na watoto. Kanisa likamtuma Kanada. Mwaka 1848 alirudi Louisiana akawachukua watu 15 waliohesabiwa kuwa mali yake, akawapeleka kaskazini, akawaacha huru. Novemba 1849 walifika Raleigh. Watu hao 15 ndio hutajwa kuwa chanzo cha Buxton, lakini familia ya Isaac na Catherine Riley, iliyotoroka Missouri, ilikwisha kufika kabla yao na kuwangojea. Mtoro aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe alitangulia kufika.

Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe pia. Mwaka 1790 Waingereza walitiliana mkataba na Waojibwa, Waodawa, Wapotawatomi na Wawayandoti, na sehemu kubwa ya kusini-magharibi mwa Ontario ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Kila hati ya shamba iliyotolewa huko baadaye, kwa mweupe au kwa mweusi, ilisimama juu ya mkataba huo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeijua historia ya ardhi za Mfalme hapa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuingie kwenye masharti, kwa sababu humo ndimo mlimo na kiini cha mambo. Chombo kilichosimamia kazi kiliitwa Chama cha Elgin, kwa jina la gavana mkuu wa wakati huo, na kilisajiliwa kisheria mwaka 1850. Ardhi iligawanywa katika mashamba ya ekari 50. Bei ilikuwa dola 2.50 kwa ekari, yaani dola 125 kwa shamba zima. Malipo yaligawanywa kwa miaka 10, dola 12.50 kila mwaka pamoja na riba ya asilimia 6. Ndani ya miaka hiyo 10 mlowezi hakuruhusiwa kumuuzia mweupe. Sharti hili lilikusudiwa kuwazuia walanguzi wasije na fedha kidogo mkononi kumnunua mtu aliyebanwa na msimu mbaya. Pombe haikuuzwa ndani ya makazi. Msaada wa nguo na chakula, uliokuwa ukikusanywa kila mahali kwa jina la watoro, haukugawiwa.

Na nyumba nazo zilikuwa na kipimo. Upana futi 18, urefu futi 24, kimo futi 12 kwa uchache, vyumba vinne, kibaraza mbele. Nyumba ilitakiwa kukaa futi 33 kutoka barabarani, mbele yake bustani, na bustani izungushiwe uzio wa mbao. Ukitazama haraka utadhani ni ukali wa mchungaji anayependa mistari iliyonyooka. Mimi nasoma tofauti. Kila msafiri aliyepita njia ile, awe rafiki au adui, aliona safu ya nyumba zilizolingana na maua mbele yake, na maneno ya Larwill kuhusu bei za mashamba yalipoteza nguvu kabla hajafungua kinywa.

Fedha za kulipia shamba zilitoka wapi? Ardhi ya Raleigh ni udongo wa mfinyanzi, wakati ule imejaa maji na miti mikubwa ya mialoni. Mlowezi alianza kwa shoka. Mti mzuri ulipasuliwa vibao vya mapipa na kuuzwa. Usiofaa ulichomwa, majivu yakachujwa kwa maji, maji yakachemshwa hadi ikabaki chumvi ya majivu, bidhaa iliyonunuliwa na watengeneza sabuni na vioo. Kwa hiyo hata moshi wa kufyeka msitu ulikuwa na bei yake. Halafu mifereji ikachimbwa ili maji yatoke, ndipo mahindi, ngano na tumbaku vikapandwa. Reli ya Great Western ilipokuwa ikijengwa kupitia Chatham, kabla ya kufunguliwa mwaka 1854, wanaume wa Buxton walikwenda kubeba mataruma na kuchimba tuta, wakirudi na ujira wa kulipia awamu ya mwaka. Kufikia katikati ya muongo huo makazi yalikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao, kinu cha kusagia nafaka, tanuri la matofali, mhunzi na fundi viatu.

Wapo waliokuwa wakiitetea njia hii ya kutopokea sadaka kwa ukali kuliko King mwenyewe. Mary Ann Shadd, mwalimu aliyetoka Marekani, alianzisha mwaka 1853 gazeti la Provincial Freeman na baadaye akalihamishia Chatham. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuhariri na kuchapisha gazeti katika Amerika Kaskazini. Aliwashambulia hadharani waliozunguka miji ya Marekani wakiomba nguo na fedha kwa jina la watoro, akisema kwamba wanawafanya watu wazima waonekane ombaomba mbele ya nchi iliyokuwa tayari kuwadharau. Aligombana na viongozi wakubwa kwa sababu hiyo, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi.

Shule ilifunguliwa mwaka 1850. Ni mwaka uleule ambapo sheria ya elimu ya upande huo wa Kanada iliruhusu kuwepo kwa shule za pekee za Weusi, sheria iliyoacha alama mbaya kwa zaidi ya karne: shule ya mwisho ya aina hiyo Ontario ilifungwa mwaka 1965. Buxton ilikwenda kinyume. Mlango wake ulikuwa wazi kwa wote, na masomo yake yalijumuisha Kilatini na Kigiriki. Kabla ya muda mrefu wazazi weupe wa jirani, baadhi yao waliokuwa wakipinga makazi, waliwaleta watoto wao humo kwa sababu shule yao wenyewe ilikuwa dhaifu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika madarasa hayo alipita Anderson Ruffin Abbott, aliyepata leseni ya udaktari mwaka 1861, Mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada kufanya hivyo. Alipita pia James Rapier, mtoto wa kinyozi wa Alabama, ambaye mwaka 1873 aliingia Bunge la Marekani. Mtoto wa kinyozi, kutoka jimbo ambako kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa kosa la jinai, alikwenda kuisaka elimu katika msitu wa Kanada, kisha akarudi Alabama kugombea na kushinda. Kila ninapofundisha sehemu hii nashindwa kuipita haraka.

Mwaka 1850 Weusi wa Pittsburgh waliwapelekea watu wa Buxton kengele. Nanyi wa Mombasa mnaijua kengele nyingine, ile ya Freretown, iliyoacha jina la Kengeleni. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, nayo pia ilisimamiwa na wachungaji, na ilikuwa na shule na nyumba zake. Ila ardhi ya Freretown ilinunuliwa na misheni, ikabaki ya misheni. Buxton, ardhi ilikuwa njiani kuelekea kwa mlowezi tangu siku ya malipo ya kwanza. Nadhani tofauti hii inaeleza mengi kuhusu yale yaliyowapata watoto na wajukuu wa pande zote mbili.

Nirudi kwa fundi bati. Baada ya mkutano wa Agosti, baraza la wilaya lilituma malalamiko kwa serikali. Lilipendekeza Weusi watozwe kodi ya kichwa, watoto wao wazuiwe kusoma shule za umma, na serikali ifikirie kama ni haki waachiwe kura. Serikali haikuyakubali. Larwill hakukoma. Alifika bungeni, na huko akaendelea na vita vyake.

Alichokisahau ni kwamba muda ulikuwa ukiwafanyia kazi walowezi. Mwanamume mwenye mali aliyekwisha kuwa raia wa dola ya Uingereza alikuwa na haki ya kupiga kura, na shamba la ekari 50 lilimpa mtu sifa hiyo. Katika uchaguzi wa 1857 wanaume wa Buxton walikwenda Chatham pamoja. Kura ya siri haikuwepo enzi hizo. Mpiga kura alisimama mbele ya msimamizi, umati ukimtazama, akataja kwa sauti jina la anayemtaka, na karani akaandika. Hebu fikirini mtu aliyezaliwa akihesabiwa katika daftari la mali za bwana wake, sasa anaulizwa na ofisa wa serikali anamtaka nani, naye analitaja jina la Archibald McKellar mbele ya mafundi na wafanyabiashara wa mji uleule uliojaribu kumfukuza. McKellar alishinda. Larwill alipoteza kiti chake.

Wanawake wa Buxton, waliofyeka na kupanda sawa na waume zao, hawakuwa na kura. Wala Mary Ann Shadd, aliyeandika juu ya siasa kila wiki, hakuwa nayo.

Baba yake alikwenda mbali zaidi. Abraham Shadd alikuwa fundi viatu. Nyumba zake, Delaware na kisha Pennsylvania, zilikuwa vituo vya kuwaficha watoro waliokuwa safarini kwenda kaskazini. Alihamia Raleigh, karibu na makazi ya King, na mwaka 1859 wakaazi wa eneo hilo walimchagua kuwa diwani wao, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma katika Kanada ya wakati huo. Kumbukeni ilikuwa miaka 10 tu tangu baraza la wilaya hiyohiyo lipendekeze kodi ya kichwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, wanaume wengi wa Buxton walivuka mpaka kujiunga na jeshi la Kaskazini, na Daktari Abbott naye alikwenda kuwatibu majeruhi. Utumwa ulipokoma, wengi hawakurudi. Walimu na mafundi waliofunzwa Buxton walikwenda Kusini, ambako watu milioni kadhaa waliotoka utumwani walihitaji shule, makanisa na viongozi. Makazi yakapungua watu. Chama cha Elgin kilifunga shughuli mwaka 1873, na King akafariki Chatham mwaka 1895.

Wapo wanaosema kupungua huko ni dalili ya kushindwa. Siafiki. Waliobaki walibaki wakiwa wakulima wenye hati zao, na hakuna chama wala kanisa lililohitajika tena kuwasimamia. Tangu mwaka 1924, kila mwanzo wa Septemba, vizazi vyao hukutana North Buxton, wengine wakitoka Detroit na Toronto. Jengo la shule la mwaka 1861 lingalipo, na mwaka 1999 serikali ya Kanada iliyatambua makazi hayo kuwa eneo la kihistoria la taifa.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa wanafunzi wa uzamili mliomo ukumbini. Karatasi za King zimehifadhiwa Ottawa, katika nyaraka za taifa la Kanada. Za misheni iliyoendesha Freretown ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na kumbukumbu za serikali ya kikoloni kuhusu ardhi ya pwani ziko Nairobi. Natamani apatikane mmoja wenu wa kuziweka pamoja mezani, shamba kwa shamba, afuatilie ni familia gani ilipata hati na mwaka gani, na ni ipi iliishi juu ya ardhi ya mwingine hadi wajukuu. Mlango wa ofisi yangu uko wazi kuanzia Jumatatu.