Tochi ya Jiwe Moja

(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa vikundi)

Leo naanza kwa kuungama. Ile tochi ndogo ya kikundi, ambayo hupewa yeyote anayemsindikiza mgonjwa usiku, ni mimi niliyeiharibu.

Ilikuwa haiwaki, nikaifungua. Ndani kulikuwa na jiwe moja, taa ya LED, na kati yao kijibao chenye koili ya waya na kidude cheusi. Nikasema, haya ni mapambo. Nikayatoa, nikaunganisha taa na jiwe moja kwa moja. Kimya. Nikatia mawe matatu makubwa. Lo! Iliwaka kama radi, halafu ikafa kabisa.

Taa nyeupe ya LED huhitaji karibu volti 3. Jiwe jipya lina volti 1.5, kwa hiyo halitoshi. Mawe matatu ni volti 4.5, na pasipo rezista ya kuzuia, umeme unaopita ni mwingi mno, taa inaungua. Kumbe kile kijibao ndicho kilichokuwa kikipandisha volti!

Kinazipandishaje? Ninyi wa mradi wa maji mnajua: maji yakikimbia ndani ya bomba, nawe ukifunga mfereji ghafla, bomba linagonga. Yale maji hayakubali kusimama mara moja. Koili ni hivyo hivyo. Kidude cheusi ni swichi. Kinauacha umeme wa jiwe upite katika koili, kisha kinaukata ghafla. Umeme haukubali kusimama, volti zinaruka juu, nao unapita kwenye taa. Jambo hili hufanyika maelfu ya mara kwa sekunde moja, basi jicho linaona mwanga usiokatika.

Niliazima tochi nyingine ya namna ile, nikapima kwa mita kwenye miguu ya taa. Ikasoma volti 1.4 tu! Nilikuna kichwa siku mbili. Kumbe mita husoma wastani, maana taa inapata mara sifuri, mara 3. Redio ndiyo iliyosema kweli. Weka redio kwenye AM, mahali pasipo na stesheni, sogeza tochi karibu, washa: redio itakoroma.

Kwa sababu hiyo, jiwe lililochoka, lenye volti 1 hivi, ambalo redio imelikataa, bado linawasha tochi hii. Lakini si bure. Ili kupata volti mara tatu, jiwe lazima litoe mkondo zaidi ya mara tatu, na sehemu yake hupotea kuwa joto. Likiisha, litoeni upesi, lisije likavuja na kula tochi.

Baadaye nilikiokota kile kijibao. Waya mmoja wa koili, mwembamba kama unywele, ulikuwa umeachana nacho. Tone moja la risasi lingetosha! Taa mpya nimeinunua kwa pesa zangu, waya nimeulehemu, na tochi ndiyo hii mezani. Mwenye redio aje nayo hapa mbele.