Jina Moja Katika Rejista

Leo twataka kunena na walimu, wazazi na wanafunzi wa mtaa kama Kamenu, hapo Thika, juu ya kifo kinapoingia shuleni.

Msiba ukiwa mkubwa, nchi nzima huamka. Twakumbuka Machi 2001, moto ulipowaua wavulana 67 bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Twakumbuka Septemba 2024, wavulana 21 walipokufa kwa moto katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na bendera zikapepea nusu mlingoti. Ilifaa kufanya hivyo. Lakini mtoto mmoja akifa kwa homa, au akigongwa na gari akivuka barabara, bendera haishuki. Kengele hulia saa ile ile. Wenzake hupanga mistari kama jana, huingia darasani, na mwalimu hufungua rejista. Asoma majina, moja moja, hata afikie lile jina. Afanyeje?

Wengine huliruka. Wengine huondoa dawati jioni, watoto wakiisha kwenda nyumbani, ili wasihuzunike. Nia yao ni njema. Lakini watoto wana macho, nao husema wao kwa wao: kumbe mtu akifa hatajwi tena. Sisi twaona ni heri mwalimu aiweke rejista chini, awaambie waziwazi kwamba mwenzao amefariki. Asiseme amesafiri, wala asiseme amelala. Mtoto mdogo akiambiwa hivyo, usiku atakiogopa kitanda chake mwenyewe.

Kisha watoto watauliza kwa nini. Hapa ndipo sisi watu wazima, hasa sisi watu wa kanisani, hupenda kujibu mbio mbio. Twasema ni mapenzi ya Mungu, twasema Mungu alihitaji malaika, na jambo tumelimaliza. Je, mwajua rafiki za Ayubu walifanya nini jema? Walikaa naye chini, siku saba mchana na usiku, wala hawakusema neno. Walipoanza kueleza sababu za msiba wake ndipo walipoharibu, na Mungu mwenyewe aliwakemea. Naye Bwana Yesu pale Bethania alijua kwamba atamfufua Lazaro, hata hivyo alilia machozi mbele ya watu. Basi mwalimu akilia mbele ya darasa lake, asione haya. Na kijana wa kiume asiambiwe ajikaze.

Twamfikiri zaidi yule aliyeketi naye dawati moja. Pengine walikuwa wamegombana. Pengine alimnyima kalamu, au alimwita jina baya uwanjani, na sasa hakuna wa kuombwa radhi. Mtoto huyu hasemi. Utamwona amekuwa mtukutu, au hali chakula, au alama zake zimeshuka, nasi twamkaripia kwa uvivu. Yafaa mtu mmoja amwite kando, bila haraka, amwambie kwamba ugomvi wa kalamu hauui mtu. Huenda tukaliona neno hilo dogo mno. Kwake ni mzigo kutuliwa.

Katika mambo ya mazishi shule zetu hazishindwi. Wanafunzi huchanga shilingi zao, hufika wakiwa na sare zao, huimba vizuri, na mmoja husoma risala huku mikono yatetemeka. Shida yaja juma la pili, matanga yameisha, viti vya kukodi vimerudishwa, na mama wa marehemu amebaki na sare iliyofuliwa. Kabatini shuleni yako madaftari ya mtoto wake. Yasitupwe pamoja na karatasi kuukuu mwisho wa muhula. Mwalimu wa darasa ayapeleke mwenyewe, kwa miguu yake, akae anywe chai, amweleze mama mambo ambayo nyumbani hawakuyajua: kwamba kijana alikuwa mcheshi, kwamba hesabu zilimtesa, kwamba alimbebea mwenzake mfuko. Mama atauliza maneno hayo hayo mara tatu. Ajibiwe mara tatu.

Na miaka itapita. Darasa lile litafikia mtihani wake wa mwisho, na wazazi wale watakuwa wanahesabu kimya kimya: mwaka huu naye angalimaliza. Siku ya sala za watahiniwa, wapelekewe mwaliko kama wazazi wengine. Wakija, wawekewe viti pamoja na wazazi wa darasa hilo, na jina la mtoto wao lisomwe mahali pake, kwa mfuatano ule ule wa rejista.