Ubao na Mizani: Kukokotoa Uzito wa Samaki wa Bahari kutokana na Urefu Wake



Mada yangu inahusu kazi inayofanyika karibu kila siku katika madiko yetu ya pwani: kumlaza samaki kwenye ubao wa kupimia, kusoma urefu wake, kisha kukadiria uzito bila kumpandisha kwenye mizani. Sababu inajulikana. Ngalawa ikitia nanga, wachuuzi wameshasubiri kwa muda mrefu, jua linapanda, na hakuna mvuvi atakayekubali tasi wake wote wapimwe uzito mmoja mmoja. Urefu husomwa upesi, uzito ukakokotolewa ofisini. Hesabu hiyo naiamini. Ninachopinga ni namna mbili tunavyoitumia vibaya: kuilisha wastani, na kuazima namba za bahari nyingine.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Samaki ana urefu, kimo na unene. Akikua bila kubadili umbo, vyote vitatu huongezeka kwa pamoja, ndiyo maana uzito hufuata kipeo cha tatu cha urefu. Tuseme tasi wa sentimita 15 ana gramu 60. Akifikia sentimita 30 hatakuwa na gramu 120, atakuwa na 480. Mlinganyo unaotumika ni W = aL^b, ambapo W ni uzito, L ni urefu, a ni namba inayobeba umbo la samaki, na b ni kipeo. Mkunga ana a ndogo mno akilinganishwa na bunju wa urefu uleule. Kipeo b kikiwa chini ya 3, samaki anarefuka kuliko anavyojaa mwili. Kikizidi 3, anajaa kuliko anavyorefuka.

Thomas Wemyss Fulton, aliyechunguza samaki wa Scotland, aliandika mwaka 1904 kwamba samaki hawaifuati kanuni ya kipeo cha tatu sawasawa: aina nyingi huongezeka uzito kidogo zaidi ya inavyotabiri, na uwiano hubadilika kwa mahali na kwa majira, hasa wakati wa kutaga. Mwaka 2006 Rainer Froese alichapisha mapitio ya vipimo vya aina 1773 za samaki, na kipeo cha kati kikaonekana kuizidi 3 kidogo tu.

Sasa nije kwenye wastani, maana hapa ndipo tunapoteza samaki wengi kwenye karatasi. Chukueni changu wawili, mmoja wa sentimita 10, mwingine wa 30, na tuseme a ni 0.01 na b ni 3. Wa kwanza ana gramu 10, wa pili 270, jumla 280. Karani aliyechoka huandika wastani wa urefu, sentimita 20, ambao unatoa gramu 80 kwa kila samaki, yaani 160 kwa wote wawili. Gramu 120 hazionekani tena popote. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea kusoma ubao. Kadiri tenga linavyochanganya wadogo na wakubwa, ndivyo pengo linavyopanuka, na siku zote huegemea upande mmoja: uzito wa kweli unapunguzwa. Kijiji chenye mavuno ya namna hiyo kitaonekana maskini wa samaki kuliko kilivyo.

Kosa jingine liko mkiani. Nguru na jodari hupimwa hadi kwenye panda ya mkia. Wengine hupimwa hadi ncha. Ukisoma sentimita 22 badala ya 20, umekosea urefu kwa asilimia 10 tu, lakini uzito umeupandisha kwa asilimia 33. Kwa hiyo a na b zilizopatikana kwa urefu wa panda zisitumiwe kamwe kwa urefu wa ncha. Vivyo hivyo samaki aliyetolewa matumbo asichanganywe na mzima, wala jike aliyejaa mayai asihesabiwe kuwa kielelezo cha mwaka mzima. Tupime wakati wa kusi, tupime wakati wa kaskazi.

Kuhusu kuazima: namba za samaki wa aina hiyohiyo kutoka mbali zinafaa kuanzia, hazifai kumalizia. Lakini kupata zetu wenyewe kunataka uangalifu. Dema la tundu moja huleta samaki wa ukubwa unaokaribiana, na ukichora mstari wa urefu na uzito kwa samaki wa sentimita 20 hadi 24 peke yao, b itayumba kwa ajili ya samaki wawili watatu wanene. Inafaa tukusanye kutoka dema, mshipi na jarife, tujaze kila daraja la urefu kuanzia wachanga hadi wakongwe, hata kama wakongwe watachukua miezi kupatikana. Hao wakongwe ndio wanaoshika ncha ya juu ya mstari.

Napendekeza fomu zetu ziongezewe safu tatu: aina ya urefu, hali ya tumbo, na zana iliyotumika. Fomu za zamani zilizoorodhesha samaki kwa daraja la urefu zitunzwe, kwa sababu zinaweza kukokotolewa upya tukishapata a na b za kwetu. Zile zilizobaki na wastani peke yake haziwezi kurekebishwa, na safu ya wastani naomba iondolewe kabisa kwenye fomu mpya.