Mchezo Usiojulikana Haununuliwi



Asubuhi ya leo vijana kadhaa waliniuliza namna ya kuuza kwenye intaneti michezo ya kompyuta wanayoitengeneza. Nitawajibu kwa kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi na mwenzangu mmoja, niliyekaa naye dawati moja hapa Kondoa, tulitumia miaka 2 kutengeneza mchezo wetu wa kwanza. Yeye aliuza ng'ombe wawili aliopewa na baba yake ili tununue kompyuta. Mchezo ulipokamilika tuliuweka katika duka la intaneti, tukangoja. Ziliuzwa nakala 23. Duka halikutukosea lolote. Tulifanya kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani usiku, akashangaa kukosa wanunuzi.

Basi, jambo la kwanza ni kujua hesabu. Steam, duka kubwa la Marekani, hutoza ada ya dola 100 kwa kila mchezo, nayo hurudishwa mauzo yakifika dola 1,000. Ukiuza kwa dola 5, duka huchukua asilimia 30, unabakiwa na dola 3.50. Mnunuzi akiwa Marekani, hukatwa tena kodi ya asilimia 30 katika fungu lako, kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa kodi na nchi ile. Mkononi zinabaki dola 2.45. Lipo pia itch.io, lililoanzishwa mwaka 2013, ambalo humwachia muuzaji apange mwenyewe fungu la duka. Pangeni bei baada ya hesabu hiyo, si kabla.

Jambo la pili ni kutafuta watu mapema. Mwaka 2024 peke yake michezo zaidi ya 18,000 iliingia Steam. Katika wingi huo nani atakuona? Fungueni ukurasa wa mchezo miezi mingi kabla ya kuuza, ili anayeupenda aweke alama, na duka limjulishe siku ukitoka. Toeni kipande cha bure watu waonje. Sikilizeni wanapolalamika.

Jambo la tatu, tumieni njia ambayo watu wenu wanayo. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 akamnunulia kompyuta ya dola 300. Akatengeneza mchezo wa amani uitwao Salaam. Kambini intaneti ilikuwa ya shida, kwa hiyo mchezo ulisambaa kutoka simu hadi simu. Alianza na majirani. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima Marekani, katika hafla ya The Game Awards.

Nasi tulijifunza. Mchezo wetu wa pili tuliutangaza miezi 10 kabla, na kila tulipokwenda tuliwapa watu simu waujaribu mbele yetu. Haukututajirisha. Lakini mwenzangu yule, aliyeketi pale nyuma, ameshanunua ng'ombe wawili badala ya wale.