SHAFTI NA CHENI: UTUNZAJI WA PIKIPIKI ZA CHAMA

(Hotuba iliyosomwa na msimamizi wa karakana mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Umoja)



Wenzangu wamekwisha kueleza habari za maziwa na za chai, na Bwana Mweka Hazina amesoma hesabu zake kwa ufasaha hata wazee waliosinzia wakaamka. Mimi nimeitwa niseme juu ya jambo la mafuta machafu na matope, nalo ni namna nguvu ya mtambo inavyofika kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki, na matunzo yanayoipasa njia hiyo.

Jambo hili si dogo. Alasiri ya leo mtaombwa kupiga kura kama Umoja ununue pikipiki zaidi za magurudumu mawili, ambazo huendeshwa kwa cheni, ama ununue maguta ya magurudumu matatu, ambayo mengi yake huendeshwa kwa shafti. Nimepita katika matawi, nikasikia neno likienea kwamba shafti haitaki matunzo yoyote, ya kuwa ukiinunua umepumzika. Neno hilo si kweli, na likiingia ndani ya kura litatugharimu fedha ambazo kila mmoja wetu amezichuma kwa kukamua ng'ombe alfajiri katika baridi ya Rungwe.

Nianze na cheni, maana ndiyo tuliyo nayo. Cheni ya namna tunayoitumia leo, yenye vigololi vidogo vinavyozunguka juu ya bushi, ilibuniwa mwaka 1880 mjini Manchester, Uingereza, na fundi mzaliwa wa Uswisi aitwaye Hans Renold. Umbo lake halikubadilika sana tangu wakati ule, na ni vigumu kuona kifaa chepesi kuliko hicho kinachopeleka nguvu nyingi kwa upotevu mdogo. Cheni safi iliyopakwa mafuta hupoteza sehemu mbili au tatu tu katika kila mia ya nguvu inayopita. Shafti hupoteza zaidi, kwa kuwa nguvu haina budi kupinda kona kupitia meno ya gia kabla ya kufika kwenye gurudumu, na kila kona hutoza ushuru wake.

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Ukweli ni kwamba kila kiungo kina pini ndani ya bushi, na mchanga uliochanganyika na mafuta huingia katikati yao ukawa kama tupa. Kila pini ikilika kidogo kuliko unene wa unywele, viungo mia na zaidi vikijumlishwa, cheni nzima huwa ndefu. Cheni nyingi za pikipiki zetu ni za namba 428, ambayo umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7. Basi hesabu nafasi ishirini, yaani pini ishirini na moja, ukiwa umeivuta cheni iwe imara, na upime kwa rula. Cheni mpya itakupa milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, hata kama mwenye pikipiki anaapa kwamba jana tu alikwenda nayo Mbeya na kurudi.

Nami nasisitiza kwamba cheni iliyokwisha isibadilishwe peke yake. Chukueni mfano wa sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma yenye meno 42. Ya mbele huzunguka mara tatu wakati ya nyuma inazunguka mara moja, kwa hiyo kila jino lake hufanya kazi mara tatu, nalo hulika upesi likapinda kama mdomo wa mwewe. Cheni mpya ikivishwa juu ya meno ya namna hiyo huharibika mapema sana. Najua Makatibu wa matawi hupenda kununua cheni tu kwa sababu risiti inaonekana ndogo. Risiti ya pili hufuata, kisha ya tatu.

Sasa juu ya mafuta. Vijana wengi hupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka mtamboni kwa kuwa haina bei. Oili hiyo imebeba masizi na unga wa chuma, na ni afadhali kidogo tu kuliko kutopaka kitu. Tumieni mafuta ya gia, ya unene wa 80 au 90. Cheni isafishwe kwanza kwa mafuta ya taa na brashi ya kawaida, ikaushwe kwa kitambaa, kisha ipakwe upande wa ndani wa mstari wake wa chini, ili inapozunguka mafuta yatupwe kuelekea nje na kupenya katika viungo. Wakati mzuri ni jioni baada ya safari, cheni ingali na joto, ili mafuta yapate usiku kucha wa kuingia. Zile cheni zenye vipete vya mpira kati ya viungo zisiguswe kwa petroli wala kwa brashi ya waya, kwa kuwa vipete hivyo ndivyo vinavyoilinda grisi iliyotiwa kiwandani. Katika masika yetu, ambayo kila mtu wa Tukuyu anajua kwamba hayana haya, kilomita 500 zisipite bila cheni kupakwa. Na ikinyeshewa siku nzima ipakwe siku hiyo hiyo.

Na mtambo uzimwe! Zungusheni gurudumu kwa mkono. Wako mafundi ambao huwasha pikipiki, wakatia gia, wakashika kitambaa kwenye cheni inayokimbia ili kazi iishe upesi. Kitambaa kikinaswa, kidole hufuata mpaka kwenye sproketi, na hakuna duka la vipuri linalouza vidole.

Liko jambo moja ambalo halieleweki vema hata na waendeshaji wa siku nyingi, nalo ni kulegea kwa cheni. Kitabu cha pikipiki nyingi ndogo huagiza cheni icheze milimita 20 hadi 30 hivi katikati, juu na chini. Kila mtu asome kitabu cha pikipiki yake. Mwendeshaji akiona cheni inachezacheza hufikiri ni uzembe, huikaza mpaka inalia kama uzi wa zeze. Lakini mkono unaobeba gurudumu la nyuma hupanda na kushuka juu ya mhimili ulio nyuma ya sproketi ya mbele, wala haupo mahali pamoja nayo. Pikipiki ikisimama tupu, sproketi mbili zina umbali fulani. Ikipakiwa madumu mawili ya maziwa na abiria, springi zikashuka, umbali huo huongezeka, na ule ulegevu ndio unaojaza pengo. Ukiwa umeuondoa wote nyumbani, cheni huvuta beringi ya sanduku la gia mpaka inavunjika, na hapo hatuzungumzi tena habari za cheni; mtambo mzima hupasuliwa. Pimeni mahali panne au patano huku mkizungusha gurudumu, kwa kuwa cheni hailiki sawasawa, na mkaze kwa kufuata mahali palipokaza kuliko pengine pote. Alama za pande zote mbili za mkono zilingane, nati ya ekseli ikazwe barabara, na kilipu cha kiungo cha kufungia kielekeze upande wake uliozibwa kule inakokwenda cheni.

Mniwie radhi kwa kukaa sana hapa. Cheni iliyokatika mlimani haimwachi mtu kando ya njia tu na maziwa yake yakiganda juani. Mara nyingine hujisokota kwenye sproketi ikafunga gurudumu, na mtu akatupwa chini pamoja na mzigo. Tena wako waendeshaji wanaoondoa kikinga cha cheni kwa kuwa kinapiga kelele. Kina mama hupanda wamekaa upande, kanga zimening'inia. Naiomba Halmashauri iamue kwamba pikipiki yoyote ya Chama isiyo na kikinga isitoke nje ya lango, hata kama imeitwa na Mwenyekiti mwenyewe.

Nije kwenye shafti. Si uvumbuzi mpya. Kampuni ya FN ya Ubelgiji ilikuwa ikiuza pikipiki za silinda nne zenye shafti tangu mwaka 1905, na mwaka 1923 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki yake ya kwanza, R32, iliyochorwa na Max Friz, nayo pia ilikuwa ya shafti. Hata leo polisi wa nchi nyingi hutumia pikipiki kubwa za namna hiyo, kwa kuwa mtu wa safari ndefu hapendi kupiga magoti kando ya barabara na chupa ya mafuta. Uzuri wake ni wa kweli: kila kitu kimefunikwa, matope hayaingii, wala hakuna kukaza wala kupima. Ubaya wake nao ni wa kweli, maana ni nzito, ni ghali, na mtambo unapovutwa kwa nguvu, sehemu ya nyuma huinuka kidogo, kasoro ambayo BMW iliipunguza sana mwaka 1987 kwa kuongeza fimbo na kiungo cha pili. Baadhi yenu mmeshauri Umoja ununue pikipiki kubwa za mtumba za aina hii. Mimi nakataa. Mtu atakayeibeba kuivusha kijito cha huko kwetu sijamwona.

Guta ndilo jambo linalotuhusu. Ndani yake shafti hutoka kwenye mtambo, hupita chini ya bodi ikiwa na viungo viitwavyo krosi, ikaingia katika difu iliyo kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Hapo ndipo uvivu unapopata makao, kwa kuwa hakuna linaloonekana. Cheni kavu hulia na kushika kutu mbele ya macho ya watu wote. Difu isiyo na mafuta hukaa kimya mpaka siku ya kufa kwake, na siku hiyo vipuri havipo Tukuyu. Vitatafutwa Mbeya, na visipopatikana vitaagizwa Dar es Salaam, na guta litakaa juu ya matofali kwa majuma huku maziwa yakitafuta mabega ya watu.

Basi yampasa mwenye guta kulisimamisha mahali tambarare, lingali baridi, afungue bolti ya kupimia na kuona kwamba mafuta yamefika ukingoni mwa tundu. Akivuka mto hata difu ikazama, ayatazame mafuta siku ile ile. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na yamwagwe yote bila kungoja tarehe ya kitabu. Juu ya difu pana tundu dogo la kupumulia. Tope likiliziba, hewa iliyopata joto hukosa njia, husukuma mafuta kupita kwenye sili mpaka yanalowesha breki. Nimeona sili zikibadilishwa mara mbili na fundi ambaye hakutazama tundu hilo, ambalo lingefunguliwa kwa kijiti. Krosi zenye chuchu za grisi zitiwe grisi, na bolti za shafti zijaribiwe kwa spana kila mwezi. Tena sikilizeni: mlio wa "tak" guta linapoanza kuondoka ni krosi iliyolika, mvumo unaopanda na mwendo aghalabu hutoka kwenye difu au beringi zake.

Iko kasoro moja ambayo matunzo hayaiponyi. Difu ya kawaida, gurudumu moja likiwa juu ya utelezi, hulipa hilo mzunguko wote na kuliacha lenzake limesimama. Wajerumani walipotengeneza pikipiki ya vita R75, yenye kigari cha pembeni kinachosukumwa pia na mtambo, waliweka difu inayoweza kufungwa kwa sababu hiyo hiyo. Maguta ya kawaida hayana kufuli hilo. Pia njia ya mguu yenye upana wa mtu mmoja haipitishi magurudumu matatu, na kwenye mteremko wa ubavuni guta lililojaa hupinduka upesi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kutoka kwa mfugaji hadi kituo cha tawi, pikipiki za cheni ziendelee. Kutoka vituo vilivyo kando ya barabara ya changarawe au ya lami hadi kwenye tangi la kupozea, maguta ya shafti yanunuliwe, mawili kwanza, wala si sita kama ilivyoandikwa katika pendekezo, na difu moja ya akiba inunuliwe pamoja nayo na kufungiwa ghalani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila chombo kiwe na daftari lake, likionyesha kilomita, siku ya mafuta, kipimo cha cheni au cha difu, na jina la aliyeifanya kazi. Katibu wa tawi alitie sahihi kila Jumamosi, naye akilitia sahihi bila kutazama, aulizwe yeye.

Mara baada ya chakula cha mchana, kabla ya kura, nitakuwa uani nyuma ya ghala na pikipiki moja, na difu iliyofunguliwa ambayo tumeazima. Waendeshaji wote waje na rula, na wajumbe wanaotaka kuuliza waje pia, nguo zao za sherehe wakiziangalia.